Sauti Iliyoondoka Jukwaani: Utendaji, Kimya na Maandishi katika Onyesho la Gertie la Winsor McCay (1914)

Ikisiri

Makala haya yanachunguza onyesho la vichekesho la Gertie, ambalo mchoraji wa katuni wa Marekani, Winsor McCay, alilizindua mjini Chicago mwezi Februari 1914. Katika onyesho hilo msanii aliye hai alisimama mbele ya skrini, mjeledi mkononi, akimwamuru dinosaria aliyechorwa. Kabla ya mwaka huo kwisha, onyesho lilikuwa limegeuzwa filamu ya kuonyeshwa katika majumba ya sinema, na sauti ya msanii nafasi yake ikachukuliwa na vibao vya maandishi. Makala yanadai kwamba filamu iliyotufikia ni nusu tu ya mazungumzo, na kwamba nusu iliyopotea inaweza kusomwa katika vituo na vimya vilivyochorwa ndani ya filamu yenyewe. Kwa kutumia dhana zilizozoeleka katika uhakiki wa fasihi simulizi ya Kiswahili, hasa fanani, hadhira, uwanja na kiitikio, makala yanaonyesha kinaya kilicho kiini cha kichekesho hiki: anayeshika mjeledi ndiye anayetii. Mwishoni hali hiyo inalinganishwa kwa ufupi na sanaa ya wafasiri wa filamu wa Afrika Mashariki, ambao nao sauti zao zilihama kutoka kinywani hadi kwenye mkanda.

1.0 Utangulizi

Swali la nini hubaki pale utendaji unapogeuzwa maandishi ni la zamani katika taaluma ya fasihi simulizi. Ruth Finnegan, katika Oral Literature in Africa (1970), alisisitiza kwamba kazi ya fasihi simulizi hukamilika pale tu inapotendwa, na kwamba matini iliyonakiliwa haiwezi kuchukuliwa kuwa kazi nzima. Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho (1976), nao walizitambua sanaa za maonyesho kwa mambo manne yanayopaswa kuwapo kwa pamoja: dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea, na watazamaji. Likikosekana moja, kinachosalia ni kitu kingine.

Mjadala huo kwa kawaida huendeshwa kwa mifano ya ngano, majigambo, matambiko na ngoma. Ni nadra kuuona ukielekezwa kwenye sinema, pengine kwa sababu sinema huhesabiwa kuwa sanaa isiyobadilika: mkanda ulioonyeshwa jana ndio utakaoonyeshwa leo. Hata hivyo, sinema ya miaka yake ya mwanzo haikuwa hivyo. Ilikaa pamoja na wapiga piano, waimbaji, wasimulizi na wachekeshaji waliokuwa hai mbele ya hadhira, na mara nyingine filamu ilitengenezwa makusudi ili isikamilike bila wao. Onyesho la Gertie ni mfano ulio wazi kuliko mingi. Leo linatajwa katika historia za filamu kama mojawapo ya kazi za msingi za katuni, na mwaka 1991 liliingizwa katika orodha ya filamu zinazohifadhiwa kitaifa nchini Marekani. Lakini kilichohifadhiwa si onyesho bali filamu. Tofauti ya viwili hivyo ndiyo inayochunguzwa hapa, kwa kuwa mhakiki asiyeijali huishia kumsifu McCay kwa mambo ambayo hakuyatenda na kutoyaona yale aliyoyatenda.

2.0 Msanii na Jukwaa Lake

Vodevili lilikuwa jina la aina ya burudani iliyotawala majukwaa ya miji ya Marekani tangu miaka ya 1880 hadi sinema ilipoishinda. Usiku mmoja hadhira iliangalia mfululizo wa vipande vifupi visivyohusiana: mwimbaji, mwanasarakasi, mchekeshaji, mfanya mazingaombwe, mbwa na farasi waliofunzwa. Kila msanii alikuwa na dakika zake chache, na katika dakika hizo alipaswa kuikamata hadhira ambayo haikuja kwa ajili yake peke yake.

McCay aliingia katika uwanja huo mwaka 1906 akiwa tayari mchoraji mashuhuri wa magazeti. Hadithi yake ya picha, Little Nemo in Slumberland, ilikuwa ikitoka katika New York Herald tangu Oktoba 1905. Jukwaani alikuja na ubao na chaki. Katika kipande chake alichokiita The Seven Ages of Man, alichora nyuso mbili, ya mwanamume na ya mwanamke, kisha akazibadilisha hatua kwa hatua kutoka utotoni hadi uzeeni huku muziki ukipigwa. Jambo la kuzingatiwa hapa ni kwamba hata kabla ya kugusa filamu, sanaa yake ya jukwaani ilikuwa ya mchoro unaobadilika machoni pa watu, na msanii akiwa kando yake. Mchoro na mchoraji walionekana kwa wakati mmoja, na raha ya hadhira ilitokana na kuwaona wote wawili.

Mwaka 1911 alitoa filamu yake ya kwanza kutokana na wahusika wa Little Nemo, akishirikiana na kampuni ya Vitagraph, na akaitumia katika kipande chake cha jukwaani. Mwaka 1912 ikafuata filamu ya mbu anayemnyonya damu mtu aliyelala. Inaelezwa kwamba baadhi ya watazamaji hawakusadiki kwamba walichokiona ni michoro. Walidhani kuna hila ya nyuzi au ya kamera. Ndipo McCay akachagua mnyama ambaye hakuna kamera ingeweza kumpiga picha, kwa kuwa hayupo tena duniani.

Uchaguzi huo uliafikiana na wakati. Mwaka 1905 jumba la makumbusho ya historia ya asili la New York lilikuwa limesimamisha mifupa ya dinosaria mkubwa mwenye shingo ndefu, na umma ulikuwa ukimiminika kuitazama. Shauku hiyo haikuwa ya Marekani peke yake. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walikuwa wakichimba mifupa ya jamii hiyohiyo ya wanyama huko Tendaguru, bara ya Lindi, na mamia ya wafanyakazi na wapagazi wa Kiafrika waliibeba vichwani na mabegani hadi pwani ili isafirishwe kwenda Berlin. Mifupa ya Tendaguru haikumfikia McCay, wala haidaiwi hapa kuwa ilimwathiri. Inatajwa ili ikumbukwe kwamba Gertie alizaliwa katika miaka ambayo dinosaria alikuwa habari mpya, tena mnyama mkubwa wa kutisha. Kumfanya mnyama huyo awe mtundu kama mtoto na kumliza mbele ya hadhira kulikuwa tayari nusu ya kichekesho.

3.0 Onyesho Lenyewe

Onyesho lilizinduliwa tarehe 8 Februari 1914 katika Palace Theatre, Chicago, kisha likapelekwa New York. Mpangilio wake unafahamika kutokana na maelezo ya waliolishuhudia na kutokana na filamu iliyosalia. McCay alijitokeza jukwaani akiwa amevaa kama mfunzaji wa wanyama, mjeledi mkononi. Aliitambulisha Gertie kwa hadhira kama dinosaria pekee aliyefugwa. Taa zikapunguzwa, na kwenye skrini ikaonekana nchi ya miamba na ziwa. McCay aliita. Kichwa kikachungulia kutoka pangoni kwa haya, kikarudi, kikachungulia tena. Akaita kwa kubembeleza, na mwishowe mnyama mzima akatoka, akala mti, akasogea mbele.

Kuanzia hapo onyesho lilifuata utaratibu wa kipande chochote cha mnyama aliyefunzwa. Gertie aliamriwa aisalimu hadhira kwa kuinamisha kichwa, akainamisha. Aliamriwa anyanyue mguu mmoja, kisha wa pili. Lakini alikuwa mtundu. Alivutwa na nyoka wa majini aliyeinua kichwa ziwani, alipuuza amri, alijaribu kumuuma bwana wake. McCay alipomkaripia, alilia machozi. Ili kumtuliza, McCay alimrushia tufaha: tufaha la mkononi likatoweka katika kiganja cha msanii kwa ustadi wa mazingaombwe, na papo hapo tunda lililochorwa likaingia kwenye skrini na kudakwa na Gertie. Akapita mamothi aitwaye Jumbo. Gertie akamkamata mkia na kumtupa ziwani. Alicheza ngoma, alilala chini, alikunywa ziwa likakauka.

Kilele kilikuja mwishoni. McCay alitoweka nyuma ya skrini, na wakati uleule McCay mwingine, mdogo, aliyechorwa, akaonekana ndani ya picha. Gertie alimwinua kwa kinywa chake, akampandisha mgongoni, wakaondoka pamoja.

Mambo mawili katika muhtasari huu yanahitaji kukaziwa macho. La kwanza ni kwamba kila tukio la Gertie ni jibu. Haanzi jambo bila kuitwa, na hata anapokaidi, anakaidi amri iliyotolewa. Muundo huu ni wa kuita na kuitikia, nao unafahamika vyema kwa msomaji aliyekuzwa na ngano: fanani hutamka fomula ya kuanzia na hadhira huitikia, na bila mwitikio hadithi haisogei. McCay aliuhamisha mwitikio kutoka kwa hadhira na kuupeleka kwenye mchoro. La pili ni kwamba kuna nyakati mbili tu ambapo mpaka kati ya jukwaa na skrini unavukwa: tufaha linapovuka, na msanii mwenyewe anapovuka. Kila kingine kinategemea mpaka huo ubaki palepale. Kama vitu vingevuka tangu mwanzo, mvuko wa mwisho usingekuwa na uzito.

4.0 Nani Anamtii Nani?

Mjeledi ni ishara ya mamlaka. Katika maonyesho ya wanyama waliofunzwa, mjeledi uliiambia hadhira kwamba kuna hatari na kwamba kuna anayeidhibiti. McCay aliichukua ishara hiyo na kuipeleka mahali ambapo haina kazi. Gertie hana mwili wa kupigwa, hana sikio la kusikia, na hatua yake inayofuata iliamuliwa miezi mingi kabla, mchoro kwa mchoro. Mkanda ukishaanza kuzunguka, dinosaria atanyanyua mguu hata kama bwana wake amenyamaza, na atalia hata kama hakukaripiwa.

Hivyo anayetii kwa hakika ni binadamu. Ni yeye aliyelazimika kukariri mwendo wa mnyama, kujua ni sekunde ngapi zitapita kabla kichwa hakijageuka, na kulitoa neno lake wakati ambapo litaonekana kuwa ndilo lililoleta tendo. Akichelewa kidogo, amri itaifuata utii. Akiwahi, dinosaria ataonekana kiziwi. Kinaya hiki ndicho moyo wa kichekesho. Hadhira inamwona mtu anayeamuru, ilhali mtu huyo amefungwa na kila pumzi ya anayeamriwa. Na ukaidi wa Gertie, unaompa uhai kuliko tendo lingine lolote, ni ukaidi uliopangwa. Mnyama anayetii kila amri angeonekana mashine; anayekaidi anaonekana ana nafsi. McCay alielewa kwamba njia fupi ya kumfanya mchoro aonekane yu hai ni kumfanya asimsikilize aliyemchora.

Hapa ndipo dhana ya fanani inapopimwa. Fanani wa fasihi simulizi hubadilisha kazi yake kulingana na hadhira: hurefusha panapochekesha, hufupisha watu wanapochoka, hutia jina la mtu aliyekaa mbele. McCay hakuwa na uhuru huo wote, kwa kuwa mshirika wake wa jukwaani hakubadilika. Hata hivyo hakuwa mtumwa kabisa. Maneno yake hayakuwamo katika mkanda, hivyo aliweza kuyabadilisha usiku hadi usiku, mradi yaingie katika nafasi iliyopo. Aidha, mitambo mingi ya kuonyeshea filamu wakati huo ilizungushwa kwa mkono, na mwendeshaji aliweza kuipunguza au kuiongeza kasi. Kwa maana hiyo watendaji walikuwa watatu: msanii aliyeonekana, mnyama aliyechorwa, na mtu wa mtambo ambaye hakuna aliyemwona. Wakichukuliwa kwa vigezo vya Muhando na Balisidya, uwanja wa kutendea nao uligawanyika mara mbili, sakafu ya mbao kwa upande mmoja na nchi ya miamba ya kuchorwa kwa upande wa pili, na dhana inayotendeka ilikuwa ni ule uhusiano wa pande hizo mbili. Haikukaa kwenye skrini peke yake wala jukwaani peke yake.

Kuna upande usiopendeza wa kichekesho hiki ambao haufai kufunikwa. Gertie ni wa kike, anaitwa kwa kubembelezwa, anakaripiwa mbele ya watu, analizwa, kisha anatulizwa kwa tunda. Hadhira ilialikwa kucheka utaratibu uleule wa kufugwa ambao ilikuwa ikiushangilia kwa wanyama halisi. Lakini mwisho wa onyesho unaupindua utaratibu huo. McCay anapoingia katika ulimwengu wa Gertie, anaingia akiwa mdogo mno, anabebwa na kinywa ambacho muda mfupi uliopita kilitaka kumuuma, na anaondoka mahali anakopelekwa. Mwenye mjeledi amekuwa abiria. Donald Crafton, katika Before Mickey (1982), ameonyesha kwamba wachoraji wa katuni za mwanzo walipenda kujiingiza wenyewe ndani ya kazi zao. Kwa McCay kujiingiza huko kuna bei: ili awe pamoja na kiumbe chake, inambidi aache mwili wake wenye sauti na awe mchoro kama yeye.

5.0 Kutoka Kinywani hadi Kwenye Kibao

William Randolph Hearst, aliyekuwa mwajiri wa McCay tangu 1911, hakupendezwa na msanii wake wa magazeti kuutumia muda wake jukwaani, na shughuli za McCay za vodevili zikabanwa. Mwishoni mwa 1914 filamu ilisambazwa katika majumba ya sinema na kampuni ya William Fox. Ili isimame bila msanii, iliongezewa vitu viwili. Cha kwanza ni utangulizi wa watu halisi: McCay na marafiki zake wanapata pancha ya gari karibu na jumba la makumbusho, wanaingia kutazama mifupa ya dinosaria, na McCay anaweka dau la chakula cha jioni kwamba anaweza kumfanya mnyama huyo awe hai kwa michoro. Cha pili ni vibao vya maandishi vilivyokatiza picha ili kuonyesha maneno ambayo jukwaani yalitamkwa.

Utangulizi huo unabadilisha maana ya kazi nzima. Jukwaani Gertie aliletwa kama mnyama, na hadhira ilikubali kucheza mchezo wa kuamini. Katika filamu Gertie analetwa kama ushahidi wa dau. Tunaonyeshwa marundo ya karatasi, tunaelezwa wingi wa michoro, unaotajwa kuwa 10,000, na tunapofika kwa mnyama tayari tumeambiwa jinsi ya kumstaajabia: kama kazi ngumu. Kazi hiyo ilikuwa ngumu kweli. McCay alichora kwenye karatasi nyembamba, kila moja ikiwa na alama pembeni ili picha zisirukeruke, na msaidizi wake, John A. Fitzsimmons, aliinakili mandhari ya miamba na ziwa tena na tena kwa kila karatasi, kwa kuwa mbinu ya kutenganisha mandhari na mhusika kwa karatasi angavu ilikuwa bado haijatumika. Lakini kustaajabia jasho ni jambo moja, na kumcheka mnyama mtundu ni jambo la pili. Filamu ilikiweka mbele kile ambacho jukwaa lilikificha.

Athari ya vibao vya maandishi ni kubwa zaidi. Kwanza, vinavunja wakati. Jukwaani amri na tendo vilikutana papo hapo: sauti hapa, mguu kule. Katika filamu picha inakatika, kibao kinasomwa, picha inarudi, na tendo linafuata. Mwitikio umegeuka mfuatano. Pili, vinaondoa kinaya kilichojadiliwa hapo juu. Maneno yakishafungwa ndani ya mkanda uleule ulio na Gertie, hakuna tena hatari ya kuwahi wala kuchelewa. Hakuna binadamu anayetii mashine mbele yetu. Mashine inajiamuru na kujitii yenyewe. Tatu, vinaiondoa hadhira katika mazungumzo. Msanii aliye hai aliweza kuwatazama watu, kuwaomba radhi kwa utovu wa adabu wa mnyama wake, kuwafanya mashahidi. Kibao hakimtazami mtu.

Na bado filamu haikufaulu kulifuta onyesho lote. Anayeitazama leo ataona nyakati ambapo Gertie hafanyi jambo kubwa: anayumba kushoto na kulia, anapumua, anageuza kichwa mbele kama anayesikiliza. Nyakati hizo zilitokana na kutumia michoro ileile kwa mzunguko, mbinu iliyompunguzia McCay kazi. Mtazamaji asiyejua historia ya onyesho huweza kuziona kuwa ni kupoteza muda, au ni majaribio ya mchoraji anayejifunza. Kwa hakika ni mahali pa sauti. Katika ngano, kiitikio kinachorudiwa hufanya kazi mbili kwa pamoja: huipa hadhira nafasi ya kushiriki na humpa fanani nafasi ya kupumua na kulikumbuka linalofuata. Takriri za Gertie zilifanya kazi hizohizo. Zilimwokolea mchoraji karatasi na zilimfungulia msemaji mlango wa kusema. Kuyumba kwa Gertie ni kusubiri kwake.

Hivyo nusu iliyopotea imeacha alama katika nusu iliyobaki. Alama hizo zina umuhimu kwa uhakiki, kwa kuwa zinamzuia mtu kuichukulia filamu ya mwisho wa 1914 kuwa ndiyo matini asilia. Kipindi cha televisheni cha Walt Disney kilipoliigiza upya onyesho hilo mwaka 1955, mtu alirudishwa mbele ya skrini, na mambo yaliyoonekana ya kuchosha katika filamu yakapata maana mara moja. Inaweza kujibiwa kwamba bila filamu hiyo kusingebaki cha kuigiza upya, na jibu hilo ni la haki. Ukweli ni kwamba kilichoiokoa kazi ndicho kilichoikata. Mhakiki wa fasihi simulizi hatashangaa, kwa kuwa ngano nyingi anazozisoma zimemfikia kwa njia hiyohiyo: mkono ulioziandika ndio uliozinyamazisha.

6.0 Sauti, Kibanda na Mkanda

Tatizo hili si la Chicago ya 1914 pekee. Afrika Mashariki ina sanaa yake ya kuisemea filamu. Katika vibanda vya video vya Dar es Salaam, mfasiri aliyefahamika kwa jina la Lufufu alijipatia umaarufu kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili mbele ya watazamaji. Baadaye sauti yake ikarekodiwa juu ya kanda zenyewe na kuuzwa. Kenya, DJ Afro ameifanya kazi kama hiyo kwa filamu za mapigano na za Kihindi, na Uganda ina wafasiri wake mashuhuri kwa Kiganda.

Ulinganisho wa sanaa hizi na onyesho la McCay unafaa kwa tofauti zake kuliko kwa mfanano wake. McCay aliitengeneza filamu yake ili imsubiri. Mfasiri wa kibanda amepewa filamu ambayo haimjui: imetengenezwa Hong Kong, Mumbai au Hollywood bila kuacha nafasi yoyote kwa ajili yake. Analazimika kuiba wakati, kusema juu ya maneno ya wengine, kutia mzaha katikati ya risasi, kumbatiza shujaa jina jipya na kumpa ujirani na mtazamaji. McCay anamtii mnyama aliyemchora ili aonekane anamwamuru. Mfasiri wa kibanda haoni haja ya kuificha hila hiyo, kwa kuwa hadhira yake inajua wazi kwamba filamu si yake na inamshangilia hasa kwa jinsi anavyoiteka.

Njia zao zinakutana tena pale sauti inapofungwa. Lufufu aliposikika kwenye kanda, alimfikia mtu ambaye hakuwahi kukanyaga kibanda chake. Filamu ya McCay ilipotawanywa, ilifika miji ambayo yeye hakuwahi kuifikia. Katika hali zote mbili kazi iliongeza masikio na ikapoteza uso. Lakini sauti iliyorekodiwa bado ni sauti: ina kicheko, ina pumzi, ina lahaja, ina kusita. Kibao cha maandishi hakina hata kimoja. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba utendaji ulipotea ulipohifadhiwa. Yafaa kuulizwa kila mara ni kipi katika utendaji kilichohifadhiwa na ni kipi kilichoachwa, na ni nani aliyefanya uamuzi huo, na kwa faida ya nani. Kwa Gertie, uamuzi ulikuwa wa soko na wa mwajiri, na kilichoachwa ni kinywa.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba onyesho la Gertie lilikuwa mazungumzo ya pande mbili, moja hai na nyingine ya kuchorwa, na kwamba uchekeshaji wake ulitokana na kinaya cha msanii anayeonekana kuamuru ilhali anatii. Filamu iliyosambazwa mwishoni mwa 1914 iliyaweka mazungumzo hayo upande mmoja, ikaigeuza amri kuwa maandishi na mnyama kuwa ushahidi wa bidii ya mchoraji. Hata hivyo takriri na vituo vilivyochorwa vinathibitisha kwamba kazi ilikusudiwa isikamilike bila sauti ya mtu.

Funzo la kimbinu linaihusu pia fasihi simulizi ya Kiswahili. Anayesoma matini iliyotokana na utendaji asiishie kwenye maneno yaliyoandikwa. Ayatafute pia mapengo, marudio na vimya ambavyo matini imevibeba bila kujua kazi yake. Humo ndimo fanani alimosimama. Gertie bado anayumba kwenye skrini, kichwa akikielekeza mbele, akimsubiri mtu ambaye McCay alimwachia nafasi katika michoro yake.